Povu Si Kipimo: Jinsi Sabuni ya Vyombo Inavyojaribiwa Juu ya Chuma

Katika maduka na masoko ya Afrika Mashariki, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo huchaguliwa kwa sifa mbili zinazoonekana kwa macho, yaani wingi wa povu na uzito wa sabuni inapomiminwa, ilhali hakuna kati ya hizo inayoeleza ni mafuta kiasi gani yatabanduka kwenye sufuria. Watengenezaji wadogo wanalijua vyema jambo hili, kwa kuwa sabuni iliyotengenezwa kwa ungaroli, yaani kemikali inayosafisha, huzidi kuwa nzito ikitiwa chumvi ya kawaida ya mezani, ingawa kiasi cha kemikali hiyo kimebaki palepale.

Kemikali hiyo ni ya jamii ya safaktanti, ambazo molekuli zake zina ncha moja inayoshikamana na maji na nyingine inayoshikamana na mafuta. Maji matupu yana mvutano wa uso, yaani nguvu inayoyafanya yajikusanye badala ya kutandaa, wa takriban milinyutoni 72 kwa mita katika nyuzijoto 25 za Selsiasi. Safaktanti hupunguza mvutano huo hadi kukaribia nusu, na maji hupata kupenya kati ya mafuta na chuma. Molekuli zikifikia wingi fulani, hujikusanya katika vifundo vidogo viitwavyo misela, ambavyo huyabeba mafuta ndani yake. Chini ya kiwango hicho misela hazipatikani, na ndiyo maana sabuni iliyochujuka mno kwa maji huweza kutoa povu huku mafuta yakibaki yaleyale.

Jaribio la kuaminika hutegemea mizani. Vipande bapa vya chuma cha pua husafishwa kwa kiyeyusho, hukaushwa na kupimwa kwa mizani inayosoma hadi sehemu moja ya kumi ya miligramu, kisha hupakwa mafuta na kupimwa tena. Baada ya kuoshwa, kusuuzwa na kukaushwa, hupimwa mara ya tatu. Ikiwa mafuta yaliyopakwa yalikuwa miligramu 200 na yaliyobaki ni 30, sabuni imeondoa asilimia 85. Hesabu ni nyepesi; kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba sabuni zote zinazoshindanishwa zimepewa kipimo kilekile, joto lilelile, muda uleule na mkorogo uleule, na kwamba kuna vipande vingine vilivyooshwa kwa maji matupu, maana sehemu ya mafuta huondoka kwa joto la maji peke yake na sabuni haistahili kusifiwa kwa hilo. Kiwango cha Japani cha JIS K 3362, ambacho hutumia vioo badala ya chuma, hulinganisha kila sabuni na sabuni maalumu ya rejea iliyojaribiwa sambamba nayo.

Aina ya mafuta nayo hubadili matokeo. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzijoto 24, lakini shahamu ya ng'ombe huhitaji zaidi ya 40, hivyo sabuni iliyoshinda kwa mafuta ya nazi huweza kushindwa na sufuria ya supu iliyooshwa kwa maji baridi. Maji ya visima vya pwani, yanayopita katika mawe ya matumbawe, yana kalsiamu nyingi inayoigeuza sabuni ya kipande kuwa utando mweupe usioyeyuka, ilhali safaktanti za viwandani huvumilia zaidi.

Mafuta yaliyoungua ni suala jingine kabisa, kwa kuwa joto na hewa huziunganisha molekuli zake kuwa gamba gumu. Magadi na kostiki hulishambulia gamba hilo, lakini hula pia utando wa oksidi unaoilinda alumini na kuiacha sufuria imepiga weusi. Kwa alumini, kuloweka na kusugua ndiyo njia ya busara.

Povu, kwa haki yake, halikosi maana kabisa: mafuta hulivunja, kwa hiyo likitoweka katikati ya kazi ni dalili kwamba maji yameelemewa na yanafaa kubadilishwa.

Msomaji asiye na mizani anaweza kutumia jaribio ambalo wahandisi hulitumia kukagua chuma kabla ya kukipaka rangi, nalo ni kumwaga maji safi juu ya chuma kilichooshwa na kutazama kama yanatandaa pamoja au yanajigawa vitone. Vitone ni dalili ya mafuta. Chombo kisuuzwe sana kwanza, kwa sababu mabaki ya sabuni huyafanya maji yatandae hata juu ya uso wenye mafuta, na sabuni mbovu ikaonekana imefaulu.