Karai la Nyanya Linauzwaje?

Likizo iliyopita nyanya yangu aliamua kuuza biashara yake ya samaki wa kukaanga na chipsi hapa Malindi. Magoti yamechoka. Mimi nilidhani ni jambo rahisi: makarai mawili, jiko, meza, taja bei basi. Kumbe sivyo!

Wanawake wa kazi hii huku pwani huitwa mama karanga. Samaki wakubwa huchukuliwa na matajiri wanaouzia hoteli. Mama karanga hupata wadogo wadogo kama tafi na pono. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, samaki ni tele. Kusi likivuma ngalawa hazitoki sana, na hapo anayejulikana na wavuvi hupata, mgeni akarudi na beseni tupu. Nyanya hupewa samaki kwa neno lake tu, akalipa jioni.

Sasa, neno hilo litauzwaje? Leseni nayo hukatwa upya kila mwaka, tangu 2013 kwa Kaunti ya Kilifi. Hata kiwanja ni cha kukodi.

Mnunuzi wa kwanza alitaka vyombo peke yake. Nyanya akakataa katakata. Wa pili, msichana wa Takaungu, alikubali kukaa naye mpaka kusi lipite, atambulishwe kwa wavuvi mmoja mmoja, ajue na nani ana deni. Huyo akapunguziwa bei.

Nisifiche, nilitaka karai lile libaki kwetu. Mama akaniuliza, "Wewe utaamka saa kumi alfajiri?" Nikanyamaza.