Mti Uliopima Chumba

Paukwa!

Pakawa!

Leo sina sungura wala fisi. Nina nyumba ya mawe ya Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ukiingia ndani utaona ajabu moja: chumba ni kirefu kama ujia, lakini upana wake haufiki mita 3. Mwenye nyumba alikuwa tajiri. Mbona alijibana hivyo? Lishikeni swali hilo, kwanza tujenge.

Fundi wa kujenga kwa mawe huitwa mwashi. Huanza kwa kuchimba msingi, maana nyumba ni kama jino: lisiloonekana ndilo linaloishika. Mawe yake ni matumbawe, mifupa ya viumbe vidogo vya baharini. Mengine huchomwa kwenye tanuu la kuni mpaka yalainike. Yakimwagiwa maji yanachemka na kufuka mvuke, yanakuwa chokaa. Ukichanganya chokaa na mchanga umepata udongo wa kuungia mawe, nao huchotwa kwa mwiko. Ndiyo, mwiko, jina lilelile la ule wa jikoni unaosongea ugali!

Ukuta ukipanda, mwashi hutoa timazi: uzi wenye kipande cha chuma kizito upande wa chini. Anaushika juu, anauacha utulie, anafumba jicho moja. Uzi ukigusa ukuta juu na kuachana nao chini, au kinyume chake, ukuta umekwenda kombo. Hapo hakuna ubishi. Mawe yanateremshwa, kazi inaanza upya.

Sasa tunataka dari. Mafundi wa Lamu huipa miti ya mikoko majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti, yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, ndiyo hulazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Juu yake hupangwa vipande vya matumbawe, kisha chokaa na kokoto, vishindiliwe mpaka viwe sakafu ya ghorofani. Mzigo huo si mchezo. Boriti ikiwa ndefu mno itapinda, kwa hiyo hukatwa fupi, chini ya mita 3.

Mmelipata jibu? Tajiri angeweza kununua boriti mia, lakini hata moja isingemwongezea upana. Akitaka chumba kikubwa, alikirefusha.

Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini, upepo wa kusi ukazipeleka mpaka Oman na Kuwait, ambako miti ya kujengea ni adimu. Huko nako vyumba vya kale vikawa vyembamba!

Siku hizi nondo na zege vimetupa kumbi pana. Lakini mkifika Lamu, laleni chali mhesabu boriti darini. Kila moja ilikuwa mti uliosimama kwenye tope la bahari, nayo ndiyo iliyoamua kitanda chako kiwekwe upande gani.