Konde nyuma ya nyumba: kupinga ujenzi kwenye mkanda wa kijani Uingereza



Tumeletewa swali na familia moja ya Unguja yenye watoto wawili Uingereza. Mkubwa amenunua nyumba pembezoni mwa mji mmoja wa kusini (namna alivyoinunua ni swali jengine, na hatukuulizwa). Nyuma ya ua wake kuna konde la ngano, na kampuni ya ujenzi imeomba kibali cha kujenga nyumba mia kadhaa juu yake. Majirani wanapita mlango kwa mlango na karatasi ya kutiwa saini kupinga. Dada yake mdogo yuko mji huo huo na watoto watatu katika chumba kimoja cha muda alichopewa na halmashauri, akisubiri nyumba. Mama yao anauliza: mwanangu atie saini, au asitie?

Ili jibu lieleweke, tueleze kwanza hilo konde ni kitu gani.

Waingereza wana kitu wanachokiita mkanda wa kijani. Ni ardhi inayouzunguka mji kama mkanda unavyozunguka kiuno, ambayo sheria za mipango zinazuia isijengwe ila kwa sababu nzito. Baina ya vita viwili vikuu London ilitanuka kwa kasi kubwa, nyumba zikifuata njia za reli na barabara hadi vijiji vikamezwa. Mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kuwezesha halmashauri za London na jirani zake kununua na kulinda ardhi ya wazi. Sheria kubwa ya mipango ya mwaka 1947 ikafanya kila ujenzi uhitaji kibali, na mwaka 1955 waziri Duncan Sandys akazitaka halmashauri za nchi nzima zifikirie kuweka mikanda yao.

Leo mikanda hiyo inachukua karibu asilimia 12 na nusu ya ardhi ya England. Ule wa London peke yake una zaidi ya hekta 500,000, yaani kama Unguja na Pemba pamoja, mara mbili.

Wengi hukosea hapa. Mkanda wa kijani si bustani ya watu wote wala si msitu wa hifadhi. Sehemu kubwa ni mashamba ya watu binafsi, na ndani yake mna viwanja vya gofu, mazizi ya farasi, na pengine maegesho ya zamani ya magari. Sheria haikuulinda kwa uzuri wake. Iliulinda ili miji isitanuke ovyo, isiungane mmoja na mwengine, mashamba yasimezwe, miji ya kale ibaki na sura yake, na wajenzi walazimike kuitumia kwanza ardhi iliyochakaa ndani ya mji.

Upande wa pili kuna watu wasio na pa kukaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kulikuwa na familia zaidi ya 120,000 England katika makazi ya muda kama ya dada huyu, na waliomo kwenye orodha za kusubiri nyumba za halmashauri ni zaidi ya familia milioni moja. Katika sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales, karibu theluthi ya Waislamu walionekana kuishi katika nyumba zilizosongamana. Kwa hiyo tusilitazame jambo hili kama ugomvi wa Wazungu na mashamba yao.

Disemba 2024 serikali ilibadilisha mwongozo wa mipango, ikiwa na lengo la nyumba milioni 1.5 katika muda wa Bunge moja. Vipande vya mkanda ambavyo havisaidii sana makusudio yale vikapewa jina la mkanda wa kijivu, na kibali chake kikawa chepesi zaidi. Sharti likawa kwamba anayejenga nyumba nyingi katika ardhi iliyotolewa kwenye mkanda atoe fungu kubwa zaidi la nyumba za bei nafuu, na aweke miundombinu na sehemu za wazi kwa wakaazi. Ndiyo maana makonde mengi yaliyolala miaka sitini sasa yana mabango ya maombi ya ujenzi, na ndiyo maana majirani wanagonga milango.

Sasa tuje kwenye fiqhi. Sheria yetu inalijua jambo la kuifunga ardhi kwa maslaha ya watu. Linaitwa himaa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) aliifanya Naqii' kuwa himaa kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na akaiwekea Madiynah haram ambayo miti yake haikatwi na wanyama wake hawawindwi. Kabla yake, katika Ujahiliya, mkubwa wa kabila alikuwa akijifungia malisho mazuri yawe yake peke yake. Mtume aliikataza himaa ya namna hiyo, akaeleza kwamba himaa ni ya Allaah na Mtume Wake, yaani ni ya maslaha ya wote, na haiwi mali ya mwenye nguvu.

'Umar (Radhi za Allaah ziwe juu yake) katika ukhalifa wake alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, Hunayy, kusimamia himaa. Imepokewa katika Swahiyh al-Bukhaariy kwamba alimuusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwamrisha awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na mbuzi wachache, na asiwaingize wanyama wa Ibn 'Awf na Ibn 'Affaan. Hao wawili walikuwa miongoni mwa Swahaba wakubwa kabisa, na pia walikuwa matajiri. 'Umar akaeleza sababu: mifugo yao ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini, yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa kulia njaa.

Kisa hiki kinatufaa kuliko hoja nyingi tulizozisoma za pande zote mbili. Himaa ilikuwa na mlinzi, ilikuwa na mpaka, na kipimo chake kilikuwa hali ya mnyonge.

Madhehebu ya Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, yamekwenda mbele zaidi. Imaam an-Nawawiy katika Minhaaj, kitabu ambacho wazee wetu wamekisoma kwa masheikh zao, ametaja kauli iliyo dhahiri zaidi kuwa kiongozi anaweza kuifunga ardhi mfu kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wa wanyonge, kwamba anaweza kuifungua tena himaa yake haja ikitokea, na kwamba hajifungii kwa nafsi yake. Ni kweli kuwa maneno hayo yanahusu ardhi mfu isiyo na mwenyewe, na konde la ngano lina mwenyewe. Lakini maana yake inafahamika: kizuizi kilichowekwa kwa maslaha hakiwi cha milele pale maslaha makubwa zaidi yanapokuja. Basi anayesema kuwa mkanda usiguswe kwa hali yoyote hana dalili kutoka kwetu.

Wala mjenzi naye hana dalili ya moja kwa moja. Konde likipata kibali, thamani yake hupanda mara nyingi sana kwa siku moja, na faida hiyo ni ya mwenye ardhi na kampuni. Haja inayofungua himaa ni haja ya watu. Kama katika nyumba mia kadhaa hakuna ambazo mtu kama dada huyu atazimudu, basi hoja ya wasio na makazi imetumiwa na wengine.

Kuhusu saini yenyewe. Halmashauri ikipokea ombi hutangaza, na watu kwa kawaida hupewa siku zisizopungua 21 kuandika maoni. Zinazopimwa ni hoja za mipango: foleni za magari, mafuriko, maji machafu, nafasi za skuli, miti, kivuli kwa nyumba ya jirani. Kushuka kwa bei ya nyumba yako hakuhesabiwi, na kuzibiwa mandhari ya dirishani mwako pia hakuhesabiwi. Barua moja ya mtu aliyeeleza alichokishuhudia huwa na uzito kuliko saini nyingi chini ya maneno ya mwengine. Kampuni ikinyimwa kibali inaweza kukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali. Jirani hana rufaa hiyo, amebakiwa na mahakama tu, na hapo huangaliwa uhalali wa uamuzi, si uzuri wake.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama ni hili. Kijana aisome karatasi mwanzo hadi mwisho, maana saini ni ushahidi. Ikiwa ina uongo, mfano kudai mafuriko ambayo hayajawahi kutokea, haijuzu kuitia saini. Ikiwa imejaa maneno kuhusu "watu wa kuletwa", ajitenge nayo. Msikiti ukiomba kibali mtaani hapo, maneno hayo hayo yatarudi. Na ikiwa kinachomsukuma ni mandhari ya dirisha lake tu, na dada yake yuko chumba kimoja na watoto watatu, basi tunamnasihi asitie.

Lakini akiwa na jambo la kweli, aandike barua kwa jina lake. Aseme maji husimama wapi mvua ikinyesha, aulize skuli itajengwa lini, na adai idadi ya nyumba nafuu iandikwe ndani ya masharti ya kibali kabla halijachimbwa hata shimo moja. Hilo si kupinga wala kuunga mkono kwa upofu, na sheria ya huko inamruhusu.

Mama ametuuliza pia, kwa ufupi, kama haya yanahusu ardhi za huku kwetu, akitaja msitu wa Masingini. Masingini ni chanzo cha maji yanayonywewa mjini, na himaa ya maji ina hukumu nzito kuliko ya konde la ngano. Hilo tutaliandikia peke yake In Shaa Allaah.

Na Allaah Anajua zaidi.