Sura ya Saba: Mgeni Mwenye Kwao

Takwimu za utalii zina ukarimu ambao wasafiri wengi hawaujui. Kwa kipimo cha Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, mtalii ni yeyote anayelala nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiotimia mwaka, ilimradi hakwenda kuajiriwa huko. Hakuna sharti la kamera wala la hoteli. Mama anayetua Nairobi mwezi wa Juni na watoto wanne waliozaliwa Minneapolis, kesho yake alfajiri akapanda basi Eastleigh kwenda kwa mamake katika mtaa wa Iftin mjini Garissa, ni mtalii sawa na Mjerumani anayeshuka Mombasa kwenda kuota jua Diani. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni takriban milioni 2.4 kutoka nje, na karibu robo yao walikuja kuona jamaa na marafiki.

Ukifungua vijitabu vya kuitangaza nchi, robo hiyo huioni. Utaona simba wa Mara na majahazi ya Lamu. Hutamwona bibi aliyeketi mkekani uani akingoja gari lenye wajukuu ambao hajawahi kuwashika mkono. Nimeipa safari hii sura yake nzima kwa sababu naamini ndiyo likizo ya kifamilia iliyo ngumu kuipanga kuliko zote, na ndiyo inayomwachia mtoto mengi kuliko zote. Inafaulu au inaharibika kutegemea jambo moja: kama nyumba inayompokea mtoto imempa kazi na nafasi, au imemwacha akae kama mgeni mpaka siku ya kuondoka.

Kwanza tuelewe watu hawa walifikaje mbali hivyo. Vita vya Somalia vya 1991 vilileta wakimbizi kwa maelfu Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka Garissa mjini. Wengi wao walihamishiwa Marekani, Kanada na Ulaya, na njia hiyo ilipokwisha kufunguka, wenyeji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ambao wengi ni Wasomali pia, nao waliipita kwa masomo, kwa ndoa na kwa kazi. Jimbo la Minnesota ndilo lenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis una misikiti, maduka ya vitambaa na mikahawa ambamo mtu wa Garissa hahitaji mkalimani. Familia nyingi za Iftin zina mtu huko, au London, au Toronto. Pesa hutoka kwao kuja nyumbani: mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma karibu dola bilioni 5. Lakini mtoto hatumwi kwa hawala. Ni lazima aletwe.

Na anakoletwa ni nchi iliyofungwa kwa muda mrefu. Serikali ya kikoloni iliitangaza Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwemo, kuwa eneo lililofungwa mwaka 1926, na sheria ya 1934 ya wilaya maalumu ikakaza zaidi; asiye mwenyeji hakuingia bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila kibali. Uhuru haukuleta nafuu. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, vita vya Shifta, vya waliotaka kujiunga na Somalia, vikaendelea hadi 1967, na sheria za hatari zikabaki kwa karibu miongo mitatu. Wakati Tsavo na Amboseli zinajengewa hoteli, huku watu walikuwa wakiomba ruhusa ya kutembea. Ndiyo maana barabara ya utalii haikupita hapa. Nasisitiza hili kwa sababu wazazi wengi huwaambia watoto kwamba kwetu hakuna cha kuona, na watoto wakaamini.

Historia hiyo haijaisha, na msafiri hukutana nayo darajani. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 370, kupitia Thika na Mwingi, kisha Madogo, halafu daraja la Mto Tana, na ng'ambo yake ndiko Garissa. Hapo abiria wamezoea kushuka na kukaguliwa vitambulisho. Linganisha na Moroko. Kila kiangazi mamilioni ya Wamoroko wanaoishi Ulaya huvuka bahari kurudi likizo, na Wakfu wa Mohammed V huwawekea vituo vya mapokezi bandarini, vyenye daktari na pa kupumzikia, chini ya mpango unaoitwa Marhaba. Nchi hiyo imeamua kwamba mtoto wa mhamiaji ni mgeni wa heshima. Sisi tunaye mtoto wa miaka 10, mwenye hati nyekundu au ya buluu mkononi, amesimama juani karibu na daraja akimwona mamake akiulizwa kama kweli ni Mkenya. Februari 2025, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa msasa wa ziada waliowekewa wenyeji wa huku wanapoomba vitambulisho. Ni hatua ya haki, ingawa ilichelewa mno. Kwa msafiri, ushauri wangu ni kumweleza mtoto mapema yatakayotokea darajani na sababu zake, asije akadhani mamake amekosa.

Karatasi ndizo zinazowasumbua wengi hata kabla ya daraja. Jina la tatu katika hati ya mtoto wa Kisomali huwa ni la babu yake, na mke haachi majina yake kwa kuolewa. Kwa hiyo mama na watoto wake husafiri bila jina la mwisho la kufanana, na afisa wa uhamiaji wa Ulaya asiyejua desturi hii anaweza kuanza kuuliza hawa ni watoto wa nani. Beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza na kuweka kibali cha mtandaoni, ambacho kwa Mmarekani ni kama dola 30 kwa kila kichwa, mtoto akiwemo. Hata hivyo, Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, na inasema aliyezaliwa na baba au mama Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Familia inayokuja mara kwa mara inafaa imtafutie mtoto hati ya Kenya. Itaokoa ada, na mtoto ataingia kwao kwa mlango wa wenyewe.

Jambo hilo la majina lina upande wake mtamu. Kijana aliyeitwa shuleni kwa jina la tatu tangu chekechea, kama jina la ukoo la Kimarekani, anafika Iftin na kukuta jina hilo lina mwenyewe: mzee mwenye ndevu za hina, anayeinuka taratibu kwenye kiti cha kamba kumpokea. Mzee anamwuliza baba wa babu ni nani, na wa juu yake, na wa juu yake tena. Watoto wa mtaani wa umri wake huyataja majina hayo mfululizo bila kupumua. Kijana anakwama kwenye la nne. Hakuna makumbusho yatakayompa somo kama hilo, na kwa kawaida wiki haiishi kabla hajayakariri yote, maana binamu zake hawatamwacha.

Sasa gharama. Wataalamu wa utalii wana kawaida ya kuuona msafara wa jamaa kama wa bei rahisi, kwa kuwa haulipi kitanda. Mwulize mama yeyote aliyewahi kufunga masanduku hayo. Ndege nyingi humruhusu abiria wa kutoka Marekani mizigo miwili ya kilo 23, na nusu ya kilo hizo si zake: dawa za presha za ayeyo (bibi), viatu vya wana wa abti (mjomba), manukato, simu za mkononi zilizotumika. Akishafika, kuna harusi za kuchangia, kuna mgonjwa, kuna karo ya mtoto wa jirani. Wakomoro wanaoishi Marseille wanalijua hili vizuri. Julai na Agosti hurudi visiwani kwa harusi kubwa za ada, na mtu huweza kumaliza humo akiba ya miaka. Nauli ni sehemu tu ya bajeti. Napendekeza wazazi wakae na shangazi au mjomba mmoja anayeaminika wiki kadhaa kabla, kwa simu, wakubaliane nani atapewa nini, ili zawadi zigawiwe na mtu wa nyumbani. Mgeni akigawa mwenyewe, hata akitoa vyote, ataacha manung'uniko.

Tuje kwenye kiini. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sijui kanuni bora ya kupanga likizo hii. Siku za kwanza mtoto wa ng'ambo hutendewa kama bwana harusi. Anachinjiwa mbuzi, anapewa godoro lililo karibu na feni, binamu wanapangana mlangoni kumtazama. Yakiendelea hivyo atachoka, atashika simu, na joto la nyuzi 35 litamaliza kilichobaki. Mpe jembe. Mwache aamke alfajiri na habaryar wake (mama mdogo) waende kupokea maziwa ya ngamia yanapoletwa mjini. Wauzaji ni wanawake, na madumu yao hufukizwa moshi wa kuni maalumu kabla ya kutiwa maziwa, ili yasiharibike haraka. Mtoto atafungua kifuniko, atanusa moshi, atakunja uso. Baadaye atajifunza kuonja na kusema haya ya leo, haya yameanza kuchachuka na kuwa susa. Atapelekwa dukani kwa tuktuk na Kisomali chake cha kubabaisha, atachekwa, atarudi na chenji kamili. Atapika anjera kikaangoni na kuunguza tatu za kwanza. Jioni ataketi duksi, yaani madrasa, na wenzake mbao zikiwa mapajani. Kufikia hapo hakuna anayemtazama tena, na hiyo ndiyo dalili njema.

Lazima pia niseme kuhusu hofu ambayo watoto hawa huja nayo. Katika jamii hii kuna desturi ya kumrejesha kijana aliyeonekana kupotoka ili akarudishwe kwenye mila, dhaqan celis, na si wote walioambiwa ukweli kabla ya kupanda ndege. Wapo waliodhani ni likizo ya mwezi mmoja wakajikuta wamenyang'anywa hati zao na kufungiwa katika vituo ambako walipigwa. Nalipinga jambo hilo waziwazi. Linaharibu kijana, na linaharibu safari za wengine wote, kwa kuwa mtoto anayeshuku kwamba harudi hatakula, hatajifunza, hatapenda. Mpe mtoto tiketi yake ya kurudi aishike mwenyewe. Mwonyeshe tarehe.

Kwa afya, kosa la kawaida ni kudhani kwamba damu inakumbuka. Kinga ya malaria aliyokuwa nayo mama alipokulia kando ya Tana hufifia akikaa miaka mingi kwenye baridi, na mtoto aliyezaliwa huko hajawahi kuwa nayo kabisa. Uingereza, wengi wanaougua malaria baada ya kurudi kutoka Afrika ni watu waliokwenda kuona jamaa, kuliko watalii wa hoteli. Dawa za kinga, chandarua na chanjo ya homa ya matumbo ni za lazima. Maziwa mabichi yanaweza kuambukiza bruselosi. Yachemshwe, hata kama mzee atasikitika.

Usalama nao utazamwe bila woga wa kupindukia wala ujasiri wa bure. Shambulio la 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliua watu 148, na serikali za Marekani na Uingereza zimewaonya raia wao kuhusu kaunti hii. Bima nyingi za safari huacha kufanya kazi mahali palipowekewa onyo la namna hiyo, kwa hiyo soma masharti yake kabla ya kulipa. Familia zenye busara hubaki mjini na kwenye njia ambazo wenyeji wenyewe wanazitumia wiki hiyo, na hazitoki kuelekea mpakani.

Ukibaki karibu na mji, cha kuona kipo. Bour-Algi, kilomita chache kusini mwa Garissa, twiga wenye madoa ya kama wavu hutembea karibu na nyumba za watu, kwa kuwa wanakijiji ndio waliowalinda. Twiga wa aina hii wametajwa duniani kuwa hatarini tangu 2018. Kusini zaidi, mbali na mji na hivyo kwa kusimuliwa tu, upande wa Ijara, jamii ilianzisha hifadhi ya Ishaqbini kwa ajili ya hirola, swala adimu kuliko wote, ambao hawazidi 500 hivi duniani kote; mwaka 2012 kundi lao lilitiwa ndani ya ua usiopitisha simba wala chui. Ni hapo pia walipojulikana twiga weupe. Mama na mtoto wake waliuawa na majangili, habari ikatoka Machi 2020, na dume aliyebaki akafungwa kifaa cha kumfuatilia Novemba mwaka huohuo. Mtoto wa Minneapolis aliyeona habari hiyo kwenye simu atashangaa kusikia kwamba ni habari ya kwao.

Lini kwenda? Hapa shule za ng'ambo ndizo zinazoamua. Minnesota, mwanafunzi akikosa siku 15 mfululizo hufutwa kwenye orodha, na Uingereza mzazi hutozwa faini kwa kumtoa mtoto katikati ya muhula. Wa Minnesota hufunga mapema Juni, mvua za Gu zikiwa zimekwisha, nyasi bado zipo na maziwa ni mengi. Wa London hufunga mwishoni mwa Julai na kukuta Xagaa, msimu wa kiangazi, imeshika, upepo na vumbi. Wengine hungoja Desemba, baada ya mvua za Deyr, lakini wakumbuke kwamba Novemba 2023 na tena Aprili 2024 Tana ilifurika ikakata barabara pale Kona Punda, karibu na Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua. Wa Agosti wasisikitike sana. Ukame ukikaza, ngamia na twiga wote husogea mtoni kunywa, na mtoto anayekaa Iftin huweza kuwafikia kwa mwendo mfupi wa gari, akiwa na binamu wa kumwonyesha yupi ni wa nani.