Wati nyingi si hoja katika kuchagua amplifaya ya filamu nyumbani

Mkazi wa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, anayefika Barabara ya Luthuli katikati ya jiji kutafuta amplifaya ya chaneli nyingi, kwa kawaida huanza kuulizia wati. Hata hivyo, kwa mwenye spika zinazotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, idadi hiyo yaweza kumgharimu fedha bure.

Uwezo wa spika hupimwa kwa desibeli zinazosikika umbali wa mita 1 inapopewa wati 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu wati zinazohitajika. Hivyo, spika ya desibeli 99 ikipewa wati 10 hulingana kwa sauti na ya desibeli 87 iliyopewa wati 160.

Tatizo ni kuwa spika hizo hufichua pia kasoro. Mvumo wa amplifaya, ambao spika nyingine huufunika, husikika chumbani pindi filamu inapofika penye ukimya. Chaneli zikiwa 5 au 7, kero huzidi.

Kwa hivyo, mnunuzi aende dukani na spika yake, aiunganishe bila kucheza chochote, kisha atege sikio. Asihadaiwe na tarakimu za PMPO. Aulize wati ambazo kila chaneli hutoa mfululizo zote zikifanya kazi pamoja. Ahakikishe pia kwamba mashine inakubali umeme wa Kenya wa volti 240, kwani iliyotengenezewa volti 120 za Marekani pekee yaweza kuungua siku ya kwanza.