Sungura wa Porini na Miche ya Mkulima wa Manono

Mji wa Manono, katika jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo, ulipata sifa zamani kwa bati lake, na katika siku zetu hizi unatajwa duniani kwa lithiamu iliyolala chini ya ardhi yake. Walakini wakazi wake hawali bati wala lithiamu, bali wanakula muhogo, mahindi na karanga wanazozilima kwa jembe la mkono, na kwao habari iliyo nzito kuliko bei ya madini ni habari ya mche uliosimama jioni na asubuhi hauonekani. Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa jamaa walioyakimbia mashamba yao katika fitina na mapigano ya mwaka 2016 na 2017, wakarudi baadaye na mbegu kidogo za kuazima, kwa kuwa mtu aliyepanda kibaba kimoja cha karanga hana kibaba cha pili cha kupandia upya.

Mshitakiwa wa kwanza katika kesi hii ni sungura wa porini. Mnyama huyu hulala mchana kutwa katika kichaka au chini ya shungi la nyasi, akatoka magharibi kutafuta riziki, na chakula chake cha desturi ni majani mafupi mabichi. Nyika zinapochomwa moto wakati wa kiangazi na nyasi changa zikaanza kuota, huvutwa na malisho hayo mapya. Na mvua za kwanza zinaposhuka, kunde, maharagwe na karanga zikachungulia juu ya udongo karibu na maficho yake, huyahesabu majani ya shambani kuwa sehemu ya malisho yale yale aliyojaaliwa na Mola wake.

Hata hivyo, insafu yataka mtu achunguze kabla ya kuhukumu, maana wezi wa shamba ni wengi na kila mmoja ana alama yake. Sungura ana meno makali ya mbele, juu na chini, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote. Kwa hiyo shina alilolikata huonekana limepita mshazari, safi kama lililokatwa kwa kisu, karibu na ardhi, na kando yake huwapo vinyesi vidogo vya mviringo, vikavu, vyenye nyuzi za majani ndani. Paa na funo hawana meno ya mbele katika taya la juu, basi wao huvuta na kuchana, na ncha ya shina hubaki imechanika. Ndezi naye hupenda mabua manene ya mahindi na miwa, huyaangusha na kuyatafuna vipande vipande, na njia zake huonekana kama mifereji ndani ya nyasi ndefu. Panya wa mashambani hufukua mbegu kabla haijaota, na fuko huula muhogo kutoka chini, huku majani ya juu yakimdanganya mwenyewe kuwa mambo ni salama. Mkulima anayemwekea sungura mtego kwa kosa la fuko amepoteza siku yake, na fuko anaendelea kula.

Yafaa vilevile kufahamu kwamba sungura wa nyika zetu na sungura wa Ulaya ni wanyama wawili mbalimbali, ijapokuwa wana masikio ya namna moja. Yule wa Ulaya, ambaye asili yake ni Hispania na nchi jirani, na ambaye ndiye babu wa sungura wote wanaofugwa vibandani, huchimba mashimo marefu, akaishi humo kwa jamaa kubwa, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Wa kwetu hachimbi. Hujilaza juu ya ardhi peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, tayari kukimbia baada ya muda mfupi. Kwa sababu hiyo mashauri ya wenzetu wa Ulaya, ambao viwanja vyao vya majani hutobolewa mashimo, ya kuziba matundu na kuvunja mapango, hayana manufaa Manono, madhali hapana tundu la kuziba.

Mintarafu ya sungura wa Ulaya, liko fundisho moja ambalo kila mfugaji apaswa kulihifadhi. Mwaka 1859, huko Australia, tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliletewa kutoka Uingereza sungura wapatao 24, akawaachia katika shamba lake la Barwon Park ili apate mawindo ya kujifurahisha. Katika muda wa miaka 50 kizazi chao kilikuwa kimeenea sehemu kubwa ya bara lile na kuyala malisho ya kondoo. Serikali ya upande wa magharibi ilijenga ua wa waya tangu 1901 hadi 1907, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000 kwa jumla, na sungura walikuwa wamekwisha kuvuka; mwaka 1950 ukaenezwa ugonjwa wa kuwaangamiza, wakafa kwa wingi usiosemeka, lakini waliosalia wakapata kinga na kuzaana tena. Basi anayefuga sungura nyumbani kwa kitoweo asiwafungulie kamwe wakajitafutie porini.

Kwa shamba la Manono, tadbiri iliyo bora ni kinga, na kinga hiyo yahitajiwa zaidi katika majuma machache ya kwanza baada ya mbegu kuota, kwani sungura hutamani jani changa, na mmea uliokwisha kukomaa shina hauna ladha kwake. Bustani ndogo yaweza kuzungushiwa ua wa fito na matete yaliyosukwa kwa karibu, kimo cha kiuno cha mtu, ncha za chini zikifukiwa udongoni. Penye fito chache, nyavu za uvuvi zilizochakaa zaweza kusaidia, ilimradi zikaguliwe kila asubuhi. Kwa shamba kubwa, ua wa mbono kaburi ukipandwa kwa kusongamana hudumu miaka mingi. Ukanda wa hatua chache ukifyekwa pande zote, ndezi huchelea kuuvuka, kwa hofu ya mbwa na bundi. Majivu na pilipili husaidia usiku mmoja au miwili, kisha mvua huviosha.

Sumu ni jambo la kuepukwa kabisa. Nchini Kenya dawa ya wadudu iitwayo Furadan ilitiwa katika mizoga ili kuua simba, wakafa simba na tumbusi pamoja nao, hata mtengenezaji akaiondoa katika soko la nchi hiyo mwaka 2009. Sumu haimchagui aliyekusudiwa: mbwa hula mzoga, kuku hudonoa punje, na nyama ya porini huuzwa sokoni kwa mtu asiyejua ilikufaje. Uwindaji nao una sheria yake, iliyotolewa Kongo Mei 28, 1982, na mwenye kutaka kutega au kuwinda aiulize kwanza ofisi ya mazingira.

Zaidi ya hayo yote ni shauri la pamoja. Shamba moja lililopandwa mapema peke yake, likiwa kijani ilhali mengine yote bado ni udongo mtupu, hukusanya wanyama wa pori zima. Walakini majirani wakikubaliana kupanda katika juma moja, kufyeka mipaka yao kwa zamu na kugawana ulinzi wa usiku, hasara hugawanyika ikawa nyepesi kwa kila mmoja. Wazee wa kijiji wakiliweka jambo hili katika baraza kabla ya mvua, hata mjane mwenye kibaba kimoja cha karanga atakuwa na fungu lake katika ulinzi huo, naye ndiye mwenye haki ya kufikiriwa kwanza.