Nyumba mpya Kisumu: pataneni kabla ya arabuni

Kijana wa pwani hahitaji kufundishwa kupatana bei. Tangu utotoni ameandamana na mamake Marikiti, akaona embe likitajwa bei, likitiwa ila, likiachwa, kisha likirudiwa kwa nusu. Lakini mtoe kijana huyo Majengo au Kisauni, mpe kazi Kisumu, mpe mke na akiba ya miaka saba, kisha msimamishe mbele ya nyumba mpya inayonuka rangi huko Riat na umwambie bei ni shilingi milioni 8. Mara nyingi atainamisha kichwa na kuuliza pesa zilipwe wapi. Ulimi uliopigania embe umekauka.

Sababu yake ni kudhani kwamba kitu kipya bei yake ni moja, kama stempu ya posta. Kwa nyumba za serikali ni kweli. Nyumba za mpango wa bei nafuu, ambao tangu Sheria ya mwaka 2024 unatiwa pesa na makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri, bei zake hupangwa juu na mnunuzi haulizwi. Huko hakuna kupatana, bali faida iko mahali pengine: sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, anayenunua nyumba yake ya kwanza ndani ya mpango huo alisamehewa ushuru wa stempu. Lakini nyumba ya mfanyabiashara aliyejenga kumi au ishirini ili auze ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na bei yake ina nafasi ya kushuka.

Mtu wa pwani si mgeni Kisumu. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na Waislamu walikuwamo miongoni mwa waliofanya kazi na biashara hapo tangu siku hizo. Msikiti wa Jamia ulijengwa mwaka 1919. Ukivuka kwenda Kendu Bay utaukuta msikiti wa Tawakal na watu waliozaliwa huko vizazi kwa vizazi wakisali Kiswahili kikiwa mdomoni. Wazee hao lakini walipanga, au walijijengea kidogo kidogo, chumba mwaka huu na ua mwaka ujao. Kununua nyumba iliyokwisha, au inayojengwa bado, kutoka kwa mtu usiyemjua, ndilo jambo jipya.

Na pwani tuna mazoea yetu yanayotuponza. Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Majengo imejaa nyumba za namna hiyo, mwenye nyumba akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Basi tumezoea kuuliza, “Nyumba kiasi gani?” Kisumu swali hilo ni nusu ya swali. Uliza kwanza ardhi ni ya nani, ni ya milki ya moja kwa moja au ya kukodi, na ikiwa ya kukodi imebaki miaka mingapi. Nyumba juu ya hati iliyobakiza miaka 40 haina thamani ya nyumba juu ya hati iliyobakiza 90, hata zikiwa na vigae sawasawa. Ikiwa ni fleti, uliza kama kila mmoja atapata hati yake kwa Sheria ya mwaka 2020 ya majengo ya ghorofa. Upekuzi rasmi katika daftari la ardhi gharama yake ni ndogo mno mbele ya nyumba yenyewe, lakini wako wanaoona haya kuufanya, eti watamvunjia mwenye nyumba heshima.

Wenyeji wa ziwani nao wana yao. Kwa Mjaluo, nyumba ni kitu kimoja na boma ni kitu kingine. Nyumba ya mjini huitwa ot. Boma, yaani dala, huwekwa kijijini kwa utaratibu wake, baba akitangulia, na jogoo na shoka vikibebwa. Anaweza kuwa na nyumba tatu mjini na zote zisiwe dala. Kenya nzima ililijua jambo hili mwaka 1987, wakili S. M. Otieno alipokuwa amefariki na mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakashindania mahakamani azikwe wapi. Marehemu alikuwa na nyumba Nairobi na shamba Ngong, lakini alizikwa Nyalgunga, Siaya. Nimelitaja kwa sababu linahusu bei. Muuzaji wako wa Kisumu huenda moyo wake hauko katika nyumba hiyo hata kidogo. Moyo uko kijijini. Hatakasirika ukiitia ila. Mwite jaduong' ikiwa ni mtu mzima, mpe heshima yake, kisha zungumza bei bila woga.

Sasa, uitie ila gani? Hapa ndipo mnunuzi wa kwanza anaposhindwa, maana huenda kuitazama nyumba saa nne asubuhi ya siku ya jua, akapiga picha jikoni, akarudi. Kisumu nyumba hutazamwa siku ya mvua. Mabonde ya upande wa Kano, mpaka Nyamasaria, yana udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi usiochimbwa kufika chini yake hupasuka pamoja nao. Mto Nyando nao hufurika mara kwa mara. Ziwa lenyewe halikai pale lilipo: mwaka 1964 lilipanda sana, mwaka 2020 likapanda kupita hapo na kuingia majumbani mwa watu wa ufukoni, na 2024 likapanda tena. Waulize majirani, si dalali, maji yalifika wapi mwaka 2020. Atakuonyesha mama muuza samaki alama ukutani. Huko juu Riat hakuna mafuriko, lakini kuna mwamba na mteremko, na maji lazima yapandishwe. Tangi na pampu ni za nani? Kila jibu kati ya haya lina bei yake. Anayesema tu “nipunguzie, bwana” hupunguziwa elfu hamsini za kumfurahisha. Anayesema “ukuta wa nyuma una ufa, na tangi halipo, na mthamini aliyesajiliwa ameandika milioni 7.2” amempa muuzaji hesabu ya kujibu.

Muuzaji akikataa kabisa kushuka, na hasa mwenye nyumba nyingi atakataa kwa sababu jirani wa pili atasikia, zungumza vitu badala ya pesa. Ukuta wa ua, makabati, tangi, mawe ya njia, gharama za wakili. Na ikiwa nyumba haijakwisha, hapo Mwislamu ana nafasi ambayo akiikosa haitarudi. Nyumba nyingi za siku hizi jiko liko wazi kwa sebule, mgeni akiketi anamwona mama wa nyumba na sufuria zake. Ukuta mmoja kabla ya lipu ni kazi ya siku chache. Baada ya vigae ni ugomvi. Vivyo hivyo choo. Kisumu kibla ni kaskazini ikiinama kidogo mashariki, karibu sawa na Mombasa ambako ni kaskazini hasa, na fundi asiyejua ataweka bakuli la choo likielekea huko huko. Bomba likishafukiwa, utaishi nalo. Mpeleke mkeo kwenye mazungumzo haya. Bwana akienda peke yake hurudi na punguzo la bei na nyumba isiyokalika.

Tuje kwenye arabuni. Neno hili tumelipokea kwa Waarabu, urbuni, nasi tumelitumia kwa mahari, kwa jahazi na kwa nyumba bila kujiuliza hukumu yake. Desturi ya mawakili wa Kenya ni kulipa asilimia 10 siku ya kutia saini na kukamilisha kwa siku 90, na mnunuzi akishindwa, hizo 10 huwa hatarini. Kwa nyumba ya milioni 8 ni laki nane, akiba ya miaka. Wanavyuoni wengi, na madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, hawakukubali muuzaji ale arabuni bure mauzo yakivunjika. Mahanbali waliruhusu, na hoja yao ni kisa cha nyumba: imepokewa kwamba Nafii bin Abdul-Harith alinunua nyumba Makka kwa Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti Sayyidna Umar aridhie, na asiporidhia Safwan apate mia nne. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipitisha kwamba arabuni yajuzu muda wake ukitajwa, na mauzo yakitimia ihesabiwe katika bei. Kwa hiyo asiyetaka shaka aandikishe mkatabani: benki ikikataa, au upekuzi ukionyesha kasoro, pesa zirudi zote. Hili ni jambo la kupatana kama bei yenyewe, na huwezi kulipatana ukishalipa. Pesa hizo zikae kwa wakili, si mfukoni mwa dalali.

Nyumba isiyojengwa bado ina mlango wake. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza usichokuwa nacho, lakini kitu cha kuagiza kitengenezwe kina mkataba wake uitwao istisnaa, na Baraza lile lile mwaka 1992 lilitaka sifa za kitu na muda wa kukabidhi vielezwe, malipo yakiruhusiwa kuwa kwa mafungu. Ni kanuni nzuri hata kwa asiye Mwislamu. Lipa kwa hatua ya ujenzi, msingi, lenta, paa, wala si kwa tarehe za kalenda.

Dalali atakwambia jambo moja bila shaka: “Kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na pesa taslimu.” Labda yupo. Akiwa hayupo, hiyo ni najshi, kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo, na ni haramu. Huna haja ya kumwambia hivyo. Mwambie, “Inshallah, akikosa nipigie,” ukanywe chai. Na atakuja na jingine, muandike mkatabani bei ndogo kuliko mliyopatana, kwa kuwa mnunuzi mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, na muuzaji tangu Januari 2023 hulipa asilimia 15 ya faida yake. Mthamini wa serikali hutazama nyumba, si karatasi. Na siku ukidai pesa zako mahakamani utadai kile kilichoandikwa.

Wasio na pesa zote, na wanaochelea riba, wana njia tangu mwaka 2008 zilipofunguliwa Gulf African Bank na First Community Bank, hii ya pili sasa ikiitwa Premier Bank. Njia ya ushirika unaopungua ni kwamba benki na mteja hununua pamoja, mteja akalipa kodi kwa fungu la benki na kulinunua fungu hilo pole pole. Wengine hudhani benki ikiingia, kupatana kumekwisha. Kinyume chake: kila laki uliyoshusha mwanzoni huipunguza kodi ya miaka yote.

Limebaki la jina, nalo husahauliwa kwa furaha ya ufunguo. Mume na mke wakiandikwa wamiliki wa pamoja, mmoja akifa mwenzake hubaki na nyumba nzima kwa sheria ya nchi, na wazazi na watoto wenye fungu katika mirathi hawaoni kitu. Wakiandikwa kila mmoja na sehemu yake, nusu kwa nusu au kama walivyochangia, sehemu ya marehemu huenda kwa warithi wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya dini yake katika mali ya ndoa, na Kisumu yupo Kadhi wa kuulizwa. Muulizeni kabla ya siku ya saini. Wakili asipoambiwa ataandika kama alivyozoea.